Zamu ya Saa Nane

Mwangwi ulikuwa umewekwa urudi mara tatu. Ulirudi mara nne.

Swaumu alibonyeza tena kitufe cha katikati cha kinanda, akahesabu kwa vidole juu ya meza. Moja. Mbili. Tatu. Kikapita kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu ikaja ya nne, ya chini kuliko zote, yenye mkwaruzo wa koo lililokauka.

"Mjomba, umesikia?"

Mjomba Akida alikuwa ameinamia redio ya mteja, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. "Nimesikia kinanda kinalia. Kuna kingine?"

"Imerudi mara nne. Nimeiweka tatu."

"Kitu kizee hicho. Hata mimi nikipiga chafya moja siku hizi zinatoka tatu."

Maduhu, mwenye mali, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Alikuwa mpiga kinanda wa harusi, mrefu, mwenye maneno mengi, na hakuna turubai lililowahi kufungwa pale Kahama asilolijua. Alikuwa amekuja na pedali ya gitaa: kijisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu, ambacho wapiga gitaa hukichomeka kati ya gitaa na spika ili sauti ijirudie kama ya mtu anayeita mlimani. Yeye hakuwa na gitaa. Alitaka kijisanduku kile kifanye kazi na kinanda.

"Nataka nikipiga, bibi harusi adhani yuko kanisa la mawe," alisema. "Lakini nikichomeka, inakwaruza kama paka kwenye bati. Fundi, utaweza?"

"Muulize fundi mwenyewe," Mjomba alisema, akimwonyesha Swaumu kwa kidevu.

Swaumu alikuwa na miaka kumi na saba. Shule ilikatikia kidato cha pili, baba yake alipofariki, na mama yake akamtoa Ibadakuli akamleta hapa Nyasubi kwa Mjomba, aje angalau ashike ufundi. Mjomba hakuwa na mke wala mtoto. Alimpa chumba chenye dirisha, akamfundisha kushika pasi ya kuchomea risasi, na hakuwahi hata mara moja kumwambia kwamba anakula chakula cha bure. Kwa hilo tu Swaumu angeweza kumbebea maji mpaka Mwanza.

"Nitaweza," alisema. "Gitaa lina sauti dhaifu, pedali imezoea kunong'onezewa. Kinanda kinaipigia kelele. Nitaweka rezista za kukipunguza, kama unavyobana bomba la maji."

"Basi bana," Maduhu alisema, akaokota kofia yake akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Swaumu aliifungua pedali kwa bisibisi. Udongo mwekundu ukamwagika mezani. Ulikuwa mwingi, ukajaa sahani, ukazidi, mpaka Swaumu akakitazama kijisanduku kile kisichozidi kiganja na kujiuliza ulikuwa umekaa wapi wote. Ulikuja na harufu ya mbao mbichi na ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Ndani palikuwa na waya wa ziada, umeungwa vibaya na mtu mwenye haraka. Haukuwa waya wa gitaa. Ulikuwa wa maiki.

Aliukata ule waya. Akasugua udongo kwa mswaki na spiriti. Akachomea rezista mbili, moja kwa upande wa kushoto wa kinanda na nyingine kwa upande wa kulia, ili pande zile zikutane bila kupigana, kisha akaweka ya tatu ndogo ya kuteremsha nguvu. Kazi ilitoka safi. Alipoijaribu, kinanda kililia laini, kikazunguka chumba kizima.

Kikarudi mara nne.

Saa nane mchana umeme ulikatika. Mjomba alikuwa amekwenda kula. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati, sokoni watu walikuwa wamechoka hata kuitana, na mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imezima. Swaumu alikuwa anakunja waya.

"Swaumu."

"Abee," aliitika.

Mama yake alimlea kwa sheria moja kuliko zote: mtoto wa kike akiitwa, aitike abee kwanza, kuuliza ni nani baadaye. Neno lilikuwa limekwisha kutoka kabla hajageuza shingo. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Uchochoro ulikuwa mtupu. Sauti ilikuwa imetoka kwenye spika, na spika ilikuwa haina umeme.

"Ahsante," ile sauti ilisema, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. "Nimechoka sana."

Mjomba aliporudi alimkuta amelala kifudifudi mezani. Alimtikisa mara tano ndipo akaamka.

"Unakesha na simu wewe."

"Sikukesha, Mjomba."

Ndotoni alikuwa mahali pa giza, pembamba, amechuchumaa, ana nyundo na tindo mkononi, anagonga mwamba. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua tu kwamba ni zamu yake. Na sasa, katika mwanga wa mchana, kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Ikifika saa nane usingizi ulimwangukia kama gunia, popote alipo, na alipoamka jioni mgongo ulikuwa unauma, viganja vimetoka malengelenge, na nywele zake, alizozifunga vizuri kwa kitambaa, zilikuwa na vumbi mpaka kwenye ngozi. Chakula hakikuwa na ladha. Alianza kushika ukuta akitembea. Siku ya nne lengelenge likapasuka juu ya redio ya mteja, na Mjomba akaona.

Alimshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Ucheshi wote ulimtoka usoni.

"Huu ni mkono wa mchimbaji," alisema polepole. "Nani amekupeleka shimoni?"

Swaumu akamwambia yote. Mjomba hakucheka wala hakumkatisha. Alifunga mlango wa duka, akakaa kwenye stuli mbele ya pedali, wakangoja pamoja. Saa nane ilipotimia, harufu ya mshumaa ikaanza, na chini ya harufu hiyo mlio mdogo, ti, ti, ti, wa chuma juu ya mwamba, ambao mwanzoni ulikuwa kama uko mbali sana na halafu ukawa kama uko chini ya sakafu, chini ya miguu yao.

"Swaumu," sauti iliita. "Nani ananipokea?"

Swaumu alihisi kope zikiwa nzito. Mjomba alimbana mkono.

"Maneno hayo nayajua," alinong'ona. "Nimepeleka redio machimboni miaka kumi. Aliye chini hapandi mpaka aliye juu aitike. Aita, nani ananipokea? Mwenzake ajibu, nimekupokea, pumzika. Ndipo apande, na aliyeitika ashuke. Asiyepokewa hapandi, hata kama amekufa kwa uchovu. Ni mwiko."

"Na mimi niliitika."

"Uliitika, mwanangu. Hukujua."

"Swaumu. Nani ananipokea?"

Hapo Mjomba Akida alifanya jambo ambalo Swaumu hakuweza kulizuia, kwa sababu macho yake yalikuwa yanafumba. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani pembeni ya pasi kwa uangalifu, kama mtu anayekwenda kuoga.

"Mimi Akida," alisema. "Nimekupokea. Muache mtoto apumzike."

Usingizi ukamtoka Swaumu saa ile ile kama nguo inayovuliwa. Mjomba aliinamisha kichwa kifuani, na mikono yake, iliyolala juu ya mapaja, ikaanza kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, kwa mapigo yale yale ya chini ya sakafu.

Siku ya kwanza aliamka magharibi. Siku ya pili aliamka usiku, akakohoa, na alichokohoa kilikuwa chekundu, Swaumu akapiga yowe akidhani ni damu. Kilikuwa vumbi. Wakamwita Ustadh Abdulshakur wa msikiti wa jirani, akamsomea kuanzia alasiri mpaka isha. Katikati ya kisomo Mjomba alifumbua macho, akasema, "Maji." Akanywa kopo zima, akashukuru kwa sauti ya kawaida kabisa. Ustadh alipofunga msahafu, naye akafumba.

"Jini hili haling'ang'anii mwili wake," Ustadh alisema akiwa mlangoni, anatafuta viatu vyake, naye pia amechoka. "Lingemng'ang'ania, ningelitoa. Mjomba wako amekubali mwenyewe. Amefungwa na neno lake."

Siku ya tano Mjomba hakuamka kabisa. Alipumua tu, na kila pumzi ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Swaumu alichukua nyundo. Alikuwa ameiinua juu ya pedali wakati Maduhu alipoingia na chupa ya soda mkononi.

"We fundi! Mali ya watu hiyo!"

"Mali yako inamuua Mjomba wangu!"

Alimwonyesha nyuma ya pazia, kitandani walikomlaza Mjomba. Maduhu alitazama mikono ile ya mzee ikikaza na kulegea. Soda ikamwagika kwenye kiatu chake, hakuiona.

"Kaka Maduhu. Uliitoa wapi?"

Maduhu aliiweka chupa mezani. "Machimboni, karibu na Runzewe. Kuna mama anapikia wachimbaji, Mama Loveness. Anawatibu pia, kwa dawa zake. Ilikuwa imefunikwa kwa sufuria nje ya jiko lake. Aliniambia, chukua ukauze kama chuma chakavu, lakini usiichomeke kamwe. Nikadhani mama wa watu hajui vitu vya muziki."

"Mpigie."

Simu iliita muda mrefu. Kisha ikaja sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake mlio wa sahani zinazooshwa.

"Shikamoo, mama," Swaumu alisema.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Sema haraka, watu wangu wanataka ugali."

Alipoambiwa, sahani zilinyamaza.

"Ameichomeka," Mama Loveness alisema. "Maduhu, upo hapo? Nikikuona nitakupiga na mwiko huu." Akashusha pumzi. "Sikiliza, binti. Palikuwa na kijana hapa, Benjamini. Usiku anapiga gitaa, mchana anashuka duarani, yaani shimoni. Wenzake walichukua kile kidude cha gitaa lake wakakifunga maiki, wakaiteremsha chini, ili walio juu wasikie walio chini. Siku moja, saa nane, duara likaanguka. Maiki haikukatika. Benjamini akaita. Nani ananipokea? Na wenye duara wakakataza watu wasiitike, kwa sababu walitaka kusema shimoni hamkuwa na mtu. Akaita siku tatu. Mimi nilikuwa hapa napika. Nilisikia. Sikuitika."

Maduhu alivua kofia. Mama Loveness akaendelea:

"Benjamini alikufa, Mungu amempumzisha. Anayeita sasa siyo yeye. Mashimo yana majini yake, na jini la pale liliokota sauti ya marehemu kama mtu anavyookota koti. Halitaki kuku, halitaki damu. Linataka kupokewa."

"Nikikivunja?"

"Mjomba wako yuko chini. Ukivunja kidude sasa umekata kamba. Atabaki huko huko. Lazima mwingine ampokee. Na huyo naye ataisha, kisha mwingine. Mimi dawa sina, mwanangu. Labda umpate asiyekuwa na mwili wa kuchoka."

Simu ilipokatika, Swaumu alikaa akiitazama rafu ya juu, ambako kulikuwa na vitu vya wateja ambao hawakurudi kuvichukua. Kulikuwa na kinanda kidogo cha mtoto, rangi ya bluu, chenye kidude cha kurekodi: unasema neno, kinalishika, na ukibonyeza kinalirudia mpaka uchoke wewe.

Mpaka uchoke wewe. Alipanda juu ya stuli akakishusha.

Saa saba na nusu alisema ndani ya kile kinanda, kwa sauti ya kunyooka, bila jina: "Nimekupokea. Pumzika." Akakifunga kirudie bila kukoma. Akauvuta waya wa sola ya dukani, ili umeme ukikatika kisizime. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, kwa hiyo aliunga waya wa kinanda moja kwa moja kwenye pedali, mahali palepale ambapo maiki ilikuwa zamani, bila rezista.

"Nani ananipokea?" sauti iliita, na safari hii iliita ikiwa karibu.

Swaumu alibonyeza. "Nimekupokea" ikatoka imechanika, imekwaruza, kelele tupu ya bati, na chini ya sakafu mlio wa nyundo ukasimama, na katika ukimya ule likaja jambo baya kuliko mlio wenyewe: kitu kilicheka, kicheko kirefu, cha kichovu, kisicho na furaha, na nyuma ya pazia Mjomba Akida alitoa pumzi akanyamaza, na pumzi nyingine haikuja.

"Swaumu!" Maduhu alinong'ona. "Hapumui! Swaumu, hapumui!"

Linajua sauti ya mtu, aliwaza. Hii si sauti ya mtu. Hii ni kelele. Akachomoa waya, akashika pasi, na vidole vikafuata njia yao, kwa sababu kazi ni kazi na alikuwa anaijua: rezista ya kwanza, tone la risasi, rezista ya pili, tone, zikutane, ya tatu ishuke chini, usipulize, iache ipoe yenyewe, na muda wote ule harufu ya mbao mbichi ilikuwa imejaa puani, na kitu kilikuwa kinamwita jina lake sikioni kwa upole, Swaumu, Swaumu, kama mama anavyomwita mtoto aje kula, na neno lile la adabu lilikuwa limemjaa mdomoni, akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu.

Akachomeka. Akabonyeza.

"Nimekupokea," kilisema kinanda, laini, wazi, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri. "Pumzika."

Mwangwi ukairudisha mara tatu.

Haukurudi mara ya nne. Badala yake ulisikika mkwaruzo wa mtu anayepanda ngazi ya mbao, polepole, akipumzika kila hatua. Ukapita chini ya meza, ukapita chini ya pazia, ukaishia kitandani. Mjomba Akida akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini.

"Miwani yangu iko wapi?" aliuliza.

Maduhu alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Pedali hakuidai tena. Harusi zake akazipiga bila mwangwi.

Wakavifungia kwenye kabati la bati nyuma ya duka, pedali na kinanda cha bluu, na waya wa sola umepita kwenye tundu. Mchana na usiku, ukitega sikio, ungesikia: nimekupokea, pumzika, nimekupokea, pumzika. Mjomba alirudi kwenye redio zake, akaongezeka mwili. Swaumu akajiandikisha masomo ya jioni, amalizie alipoachia. Watu walisema amekuwa na kiburi, kwa kuwa siku hizi ukimwita haitiki mpaka ageuke akuone uso.

Miezi minne ikapita namna hiyo.

Kisha, mchana mmoja, akiwa anatafuta waya karibu na kabati, alisikia kinanda kikikohoa. Alijiambia ni vumbi kwenye spika. Wiki iliyofuata, maneno yalikuwa yanakuja polepole. Nimekupokea. Kimya. Pumzika. Alipima sola kwa mita, ikawa imejaa. Alikagua rezista moja moja, zote zilikuwa nzima. Alipofunga mlango wa kabati, vidole vyake vilikuwa na udongo mwekundu.

Hakumwambia Mjomba. Angevua miwani tena.

Siku ya Alhamisi saa nane umeme ulikatika. Soko likatulia. Mjomba alikuwa nyuma ya pazia, anakoroma kidogo, usingizi halali wa mzee aliyeshiba. Swaumu alikuwa na daftari la hesabati mapajani. Kabatini maneno yakakatika katikati, na harufu ya mshumaa uliozimwa ikatambaa sakafuni mpaka miguuni pake.

"Swaumu," kabati likaita.

Sasa haikuwa sauti ya Benjamini. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile aliyoirekodi, ya binti aliyelelewa vizuri, lakini imekauka, imezeeka, imejaa vumbi, kama imegonga mwamba miezi minne bila siku ya mapumziko.

"Swaumu, dada yangu. Nimechoka. Na mimi, nani ananipokea?"

Nyuma ya pazia, Mjomba Akida aliacha kukoroma. Kitanda kililia, kama mtu anayejiinua. Swaumu akaweka daftari chini. Abee ilikuwa imekwisha kupanda kooni.